Behewa la Barua la Jarlath Coyne

Watu wawili walikuja kumpiga shemeji yangu Festus Gaughan Jumanne moja ya mwezi wa Machi, saa sita mchana, mvua ikinyesha. Mimi nilikuwa jikoni kwa dada yangu Concepta nikimenya viazi. Dada mwenyewe alikuwa nje akifyeka miiba ya uzio kwa mundu wa mpini mrefu, maana sisi watu wa Galway, huku magharibi ya Ireland, tukingoja mvua iishe ndipo tufanye kazi, tutakufa njaa. Kupitia dirishani niliona kigari cheupe cha mizigo kikiingia uani. Wakashuka vijana wawili, mmoja mwembamba kama ufito, mwingine pande la mtu, wote wamevaa mabuti ya machimboni yenye vumbi jeupe la mawe. Hawakubisha hodi. Walipita ubavuni mwa nyumba wakaenda nyuma, kwenye behewa.

Lile lilikuwa behewa la kweli la treni. Festus alifanya kazi miaka ishirini na saba kwenye treni ya barua, Dublin hadi Galway, Galway hadi Dublin, amesimama wima behewa likiyumba, akichambua barua na kuzirusha kila moja kwenye kijisanduku cha mji wake. Mkono wake wa kulia ulikuwa unajua njia wenyewe. Aliweza kukusimulia mechi ya Jumapili huku barua za Athlone zikienda Athlone na za Ballinasloe zikienda Ballinasloe, asikosee hata moja. Barua zilipohamishiwa kwenye malori, mabehewa yakastaafishwa, na yeye akastaafu pamoja nayo. Mwaka huohuo akagundua behewa kuukuu la mbao, halina magurudumu, limekaa shambani kwa mtu karibu na Athenry na kuku wanatagia humo. Alimbembeleza mwenye kuku mpaka akakubali, akalileta kwa trela, akaliweka juu ya matofali nyuma ya nyumba, akasugua mavi ya kuku kiangazi kizima.

Humo ndani, kwenye vijisanduku vilevile vya barua, akapanga treni zake ndogo. Alikuwa na vichwa vya treni vya bati vya kabla ya vita, mabehewa ya kijani ya kusini na ya buluu ya kaskazini, na vitu alivyovitafuta kwa wajane na kwenye maonyesho ya kumbi za parokia. Lakini moyo wake ulikuwa kwa mabehewa ya barua. Hayo ni adimu. Viwanda vilivyotengeneza treni za kuchezea huko Uingereza na Ujerumani havikujisumbua na reli za Ireland, sembuse behewa la barua la Ireland. Ukiliona moja, ujue kuna mtu mmoja aliketi mezani kwake miaka miwili akalitengeneza kwa mkono. Dada yangu aliyaita wake wenza. Kama Festus hayupo kitandani, alisema, basi yuko kwa wake wenza anawapangusa vumbi.

Lililopita yote lilikuwa behewa la Jarlath Coyne. Coyne alikuwa mlinda ishara wa reli, mtu wa Craughwell, na katika maisha yake alitengeneza mabehewa matatu ya barua kwa shaba ya njano, moja kwa kila behewa lililokuwa likipita njia yetu. La tatu lilikuwa mfano wa lile ambalo Festus alifanyia kazi. Urefu wake ni dhiraa moja. Mlango wa kusukuma unafunguka. Ubavuni kuna kitundu cha kutumbukizia barua za waliochelewa posta. Ndani kuna vijisanduku mia moja na arobaini, nilivihesabu mwenyewe kwa kioo cha kukuzia, na ndoano za kutundikia mifuko, nyembamba kama unyusi. Festus alisema kwamba marehemu Coyne alimpa kwa mkono wake kabla ya kufa, na sisi tukaamini. Kwa nini tusiamini?

Sasa, siku ile. Nilisikia kishindo nikadhani amehamisha kitu. Kikafuata kishindo kingine. Halafu nikasikia sauti ambayo sikuijua, sauti kama ya ndama aliyenaswa kwenye waya, ikachukua muda kabla sijatambua kwamba ni shemeji yangu. Nilitoka mbio na kisu cha viazi mkononi.

Mlango wa behewa ulikuwa wazi. Festus alikuwa sakafuni amejikunja, amekumbatia lile behewa la Coyne kifuani kama mtu aliyeokoa mtoto mtoni, na lile pande la mtu lilikuwa likimpiga mateke mgongoni na mbavuni, taratibu, bila hasira, kama anayevunja kuni. Yule mwembamba alikuwa amechuchumaa akijaribu kumfumbua mikono. Alimwambia mzee atoe kitu waondoke, hakuna aliyetaka kumuumiza. Festus hakutoa. Mwembamba akaupata mkono wa kulia, akauvuta mpaka mlangoni, akauweka kwenye reli ya mlango. Ule mlango ni wa mti mgumu uliopigiliwa chuma, mzito, unasukumwa kwa bega. Pande la mtu likausukuma mlango ukajifunga juu ya mkono. Kisha likaufungua, likaufunga tena.

Mimi nilisimama. Sitaki kudanganya, nilikuwa na kisu na nilisimama.

Concepta alinipita. Dada yangu wakati ule alikuwa na miaka hamsini na tisa, mfupi, ana goti bovu, ameloa chapachapa. Hakupiga kelele wala hakutukana. Aliuinua ule mundu kwa mikono miwili kama anavyouinua kwa miiba, akaushusha. Alilenga shingo, aliniambia baadaye, lakini mwembamba aligeuza kichwa. Mundu ulipita na sikio lake la kushoto, zaidi ya nusu, ukazama begani. Damu iliruka mpaka kwenye vijisanduku vya barua. Yule kijana akapiga yowe, akajishika kichwa, akaangukia treni, na treni zikamwangukia. Concepta akaung'oa mundu begani mwake ili ampige tena. Lile pande la mtu likamrukia, likampiga ngumi moja ya mdomo iliyomng'oa meno mawili, likanyakua behewa la Coyne ambalo Festus hakuwa tena na mkono wa kulishikia, likamkokota mwenzake hadi kwenye kigari. Waliondoka wamelinyooshea lango, wakalibomoa.

Dada alitema damu, akatema na meno. Kitu cha kwanza alichosema ni kwamba nizime jiko, viazi vitaungua.

Sajini Mulrennan wa polisi alipofika, Festus alikuwa ameshapelekwa Galway na gari la wagonjwa. Sajini ni mtu mnene, mpole, anayeandika polepole. Aliliona sikio kabla yetu. Lilikuwa sakafuni karibu na kichwa cha treni cha buluu. Akaniomba chupa ya jemu na barafu. Nilimuuliza kama atalirudisha kwa mwenyewe, akasema inategemea mwenyewe ataeleza vipi alivyolipoteza. Na ikatokea hivyohivyo. Jioni ile kijana mmoja anayeitwa Enda alijitokeza katika hospitali ileile aliyolazwa Festus, kichwa kimefungwa taulo, akisema ameng'atwa na mbwa. Sajini akamuuliza mbwa huyo alikuwa na mpini wa futi ngapi. Madaktari walishindwa kulishona, lilikuwa limekaa mno.

Enda hakutaja mtu. Lakini katika kaunti yetu huhitaji kutaja mtu, unataja mama tu. Mama yake Enda ni dada wa Fergal Mannion.

Fergal ana machimbo ya mawe upande wa Tuam. Yeye na Festus walijuana miaka mingi kwa ajili ya treni. Alikuwa akija kwa dada, anakunywa chai, anakula mkate wa soda, wanakaa behewani saa tatu nzima wakibishana juu ya rangi ya kijani ya mwaka fulani. Katika miaka mitatu tangu Coyne afe alikuwa amekuja mara tatu kuliomba lile behewa. Yeye alikuwa nayo mawili mengine. Mara ya mwisho sikupenda sauti yake. Alisema, "Festus, utakufa nalo hilo?" na Festus akajibu kwamba atazikwa nalo. Fergal akaweka kikombe chini, chai haijaisha, akaondoka. Hakurudi tena.

Polisi walikwenda kumhoji. Walikunywa chai jikoni kwake, wakaondoka.

Festus alikuwa amevunjika mbavu tatu, na figo moja imechubuka. Mbavu na figo, walisema madaktari, vitapona. Mkono walisema tusubiri, na kwa namna walivyotazamana nilijua hakuna cha kusubiri. Kila polisi walipomuuliza alisema hawajui waliompiga wala aliyewatuma. Concepta alidhani ni woga, akamsamehe, maana alishaona ng'ombe aliyepigwa anavyokuwa. Jumapili akaenda kukamua, mimi nikabaki kumlinda mgonjwa.

"Shemeji," aliniambia Festus, "ukimwambia Concepta hili nitakufa."

"Hukufa Jumanne kwa mateke, utakufa leo kwa maneno?" nilimjibu. Mimi na yeye hatukuwahi kuongea bila utani.

Hakucheka. Akageukia ukutani, akaniambia akiwa hivyohivyo, mgongo kwangu. Jarlath Coyne hakumpa behewa. Alikuwa amemwahidi Fergal. Fergal tangu ana miaka kumi na sita alikuwa akienda kwa Coyne kila Jumamosi, anamshikia taa, anampigia msasa, anajifunza kulehemu, na mzee aliposhindwa kuona vizuri ni Fergal aliyezikunja zile ndoano nyembamba kama unyusi. Sisi sote tulikuwepo kwenye matanga ya Coyne. Maiti ilikuwa imelazwa chumba cha mbele, behewa liko chumba cha nyuma juu ya kabati. Concepta ndiye aliyekuwa anaongoza sala ya Rozari, kwa kuwa ana sauti, kila mwenye msiba Craughwell anamwomba yeye. Mafumbo matano yalipokwisha, watu wakitaka kuinuka, Festus akamnong'oneza mkewe aongeze litania, ile sala ndefu inayoitikiwa utuombee, marehemu aliipenda. Watu wote wakarudi magotini, vichwa vimeinama juu ya viti. Fergal alikuwa nje anapokea wabeba jeneza. Festus akaenda nyuma kama anayekwenda msalani, akalitia behewa ndani ya koti, akafunga vifungo, akarudi, akapiga magoti palepale alipokuwa.

"Kila nikiitikia utuombee," alisema, "magurudumu yalikuwa yananigusa mbavu."

Nilimuuliza kwa nini. Alisema miaka ishirini na saba alisimama ndani ya lile behewa. Fergal hakuwahi kusimama humo hata dakika moja. Fergal ni mtu wa mawe. Alikuwa bado anaamini hivyo, na mkono wake umefungwa plasta mpaka kiwiko na vidole vimevimba kama viazi.

Ningeweza kumwambia dada jioni ileile. Sikumwambia. Nilijidanganya kwamba ni kwa sababu mgonjwa ameniomba. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeona ule mlango ukifungwa mara mbili, na nilikuwa nimesimama na kisu, na nilitaka Fergal alipe, hata kwa woga wangu mimi.

Ijumaa Concepta aliniita asubuhi, akasema nimpeleke Tuam. Mdomo wake ulikuwa bado umevimba na maneno yalitoka yamepinda. Alikuwa na gunia la chakula cha ng'ombe, akaliweka kiti cha nyuma, likagonga kama chuma. Sikuuliza kuna nini ndani. Njia nzima hakusema kitu, isipokuwa alipoona ng'ombe wa watu, akasema wamekonda.

Fergal alitufungulia mwenyewe, saa nne asubuhi, kavaa ndara, miwani juu ya kichwa. Ni mjane, anakaa peke yake. Alisema karibuni, alisema pole kwa yaliyompata Festus. Concepta alimpita. Alijua njia, alikuwa ameshaletwa pale na mumewe kutazama treni, zamani za amani.

Chumba cha treni cha Fergal ni kikubwa kama darasa. Meza imezunguka kuta zote nne, na juu yake reli yetu yote, Dublin hadi Galway, na mto Shannon umechorwa kwa vanishi, na daraja la chuma la Athlone, na mifugo ya udongo uwanjani Ballinasloe. Na pale karibu na dirisha, mabehewa matatu ya barua ya shaba yamepangwa mstari mmoja. Hakuwa amelificha. Alikuwa amelipangusa damu, basi.

Dada alitoa nyundo guniani, ile kubwa ya kupigilia nguzo za uzio. Pigo la kwanza lilikwenda na daraja la Athlone. La pili lilikwenda na stesheni. Vitu vilikuwa vinaruka, vioo, vichwa vya treni, watu wadogo wa madini ya risasi wenye mabegi. Fergal alimkamata kwa nyuma, akampitishia mkono shingoni, akamwinua juu. Ni mtu wa mawe, kama alivyosema Festus, mikono yake ni ya kazi. Nyundo ikaanguka. Nikaona miguu ya dada inapiga hewa, kiatu kimoja kikamvuka, uso ukabadilika rangi. Alimng'ata mkono kwa meno aliyobakiwa nayo. Fergal akambamiza paji la uso kwenye ukingo wa meza, mara moja, na dada akalegea.

Mara hii sikusimama. Mbele yangu kulikuwa na kichwa cha treni cha chuma cha zamani, kizito kama pasi ya makaa. Nilikishika kwa bomba lake la moshi nikampiga nacho Fergal juu ya jicho. Alimwachia dada. Nikampiga tena akiwa anaanguka. Mara ya pili haikuhitajika, najua.

Alikaa chini, mgongo ukutani, damu inamwingia macho yote mawili na anaipangusa kwa mkono wa sweta. Concepta alikuwa ameshika meza anatapika. Treni moja ilikuwa bado inazunguka upande wa Galway, haijui kwamba reli imekatika mbele.

Fergal ndiye aliyeanza kusema, kwa sauti ya chini.

"Sikuwatuma wakamvunje mkono. Niliwaambia wachukue kilicho changu."

"Chako," alisema Concepta.

"Changu. Mumeo alikiiba kwenye matanga, Coyne bado yuko juu ya meza. Na unajua nani alimfunika, Concepta? Ni wewe. Uliwapigisha watu magoti kwa litania nzima, na sauti yako nzuri, na mumeo yuko chumba cha nyuma anamwibia maiti."

Dada alinyooka. Uvimbe ulikuwa unaanza kumpanda kwenye paji la uso. Alimtazama Fergal, nadhani akitafuta uwongo, na hakuuona. Kisha akanitazama mimi.

"Dympna. Unalijua hili?"

Nilitaka kusema hapana. Nikaitikia kwa kichwa.

"Tangu lini?"

"Jumapili," nilisema.

Aliinama taratibu, goti lake bovu likalia, akaiokota nyundo. Akaenda dirishani yalipo yale mabehewa matatu. Nikadhani atayapiga yote. Alichagua moja tu, la Festus. Fergal akaona. Alijivuta sakafuni kwa magoti, akaifikia meza, akanyoosha mkono wake wa kulia, akaufunika juu ya behewa, kiganja chote, vidole vimetanuka.

"Concepta," alisema, "hapana."

Nyundo ilikuwa juu. Mahakamani dada alisema kwamba ilikuwa imeshaanza kushuka na hakuweza kuizuia, ni nzito, na yeye ni mwanamke wa miaka hamsini na tisa mwenye goti bovu. Mimi niliapa juu ya Biblia nikasema hivyohivyo. Lakini nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Nyundo ilikuwa imetulia juu kama iliyotundikwa. Aliutazama ule mkono, kwa muda wa kutosha kusema Salamu Maria nzima. Halafu akaishusha.

Sitaeleza sauti ya pigo lile. Fergal hakupiga hata yowe, alivuta pumzi tu ndani, ndefu, kama mtu aliyeingia maji ya baridi, akazimia. Behewa chini ya mkono lilibonyea paa, mlango mdogo ukatoka kwenye njia yake. Kazi ya Coyne ilikuwa imara. Vidole havikuwa.

Dada aliiweka nyundo mezani. Alikwenda jikoni kwa Fergal, akaosha mikono, akaosha uso, akapiga simu polisi mwenyewe, akataja jina lake na jina la nyumba, akasema walete na gari la wagonjwa. Kisha akajaza birika akaliweka motoni. Nilimfunga Fergal mkono kwa taulo. Alipozinduka hakuuliza habari ya mkono. Aliniuliza behewa limevunjika kiasi gani.

Kesi zilichukua mwaka na nusu. Enda alifungwa miezi kumi na minane, na lile pande la mtu, ambalo jina lake sitaki kulikumbuka, miaka mitatu. Fergal alipewa kifungo cha nje cha miaka miwili. Concepta alipewa miwili ya nje vilevile. Hakimu alimwambia kwamba amewahi kuona watu wakikatana kwa shamba na kwa mke, ila kwa kitu cha kuchezea bado. Mimi sikushtakiwa. Fergal aliwaambia polisi kwamba jicho aliliumiza akianguka. Sijui kwa nini alinificha. Nimekutana naye mara mbili sokoni Tuam tangu wakati ule, ananiinamishia kichwa, namwinamishia kichwa, tunapishana.

Festus alisimama mahakamani akasimulia matanga yote, litania yote, hakuacha kitu. Watu wa Craughwell walikuwa wamejaa nyuma. Alisema ili kumwokoa mkewe, ili hakimu aone kwamba Concepta alikasirishwa na uwongo wa mume wala si na Fergal, na nadhani ilisaidia. Lakini Concepta alisikiliza akitazama ukuta. Festus alipomaliza, dada alinong'ona nikamsikia mimi tu, nilikuwa nimeketi naye. Alisema angeweza kumsamehe wizi, hata wa maiti. Wizi ni tamaa, na nani hana tamaa. Alichoshindwa ni kwamba tangu siku ile ya matanga alikuwa ameongoza Rozari kwenye misiba ishirini na moja, na kila mara Festus alikuwa akipiga magoti nyuma yake na kuitikia.

Hajaongoza tena. Watu wa msiba wanakuja kumwomba, anawaambia koo limeharibika.

Behewa lenyewe polisi walilirudisha kwa binti wa Coyne, anayekaa Limerick, ambaye hakujua kwamba baba yake aliacha kitu chochote cha maana. Lilikaa kwake wiki tatu. Akaja Mjerumani mmoja akalinunua, akaondoka nalo, paa limebonyea vilevile. Festus alipopata habari hakula siku mbili. Fergal, walisema watu, aliuza yale mawili mengine mwezi huohuo kwa mtu wa kwanza aliyeuliza.

Concepta sasa anakaa kwangu, ng'ambo ya shamba. Hakuleta kitu isipokuwa nguo na mundu. Mwaka wa kwanza hakusema nami zaidi ya yale ya lazima, chumvi iko wapi, mvua imeanza, na mimi sikulalamika, nilijua deni langu. Ilikuwa siku ya ng'ombe kuzaa ndipo alipoanza kuongea, tukiwa wote wawili tumeingiza mikono hadi kiwiko ndani ya ng'ombe, ndama amekaa vibaya. Akaniambia bila kunitazama, "Ungeniambia Jumapili, Dympna, ningekwenda vilevile. Lakini ningejua ninakwenda kumpiga nani." Nikamwambia najua. Akasema vuta. Tukavuta.

Jumapili huwa nampelekea Festus chakula. Anakaa mle behewani siku nzima, hata kulala analala mle. Mkono wake wa kulia umekauka kama tawi, lakini anajifundisha kwa mkono wa kushoto. Nilimkuta juzi amewaomba posta bahasha kuukuu zisizo na kitu, furushi zima, anasimama mbele ya vijisanduku na kuzirusha. Nyingi zinaanguka chini. Nilimwekea sahani, kabichi na nyama na viazi vitatu, akaniuliza kama kawaida Concepta hajambo. Nikamwambia hajambo. Akaniuliza kama amesema lolote. Nikamwambia hajasema. Akainama kuokota bahasha zake, na mimi nikamwokotea zile zilizoingia chini ya benchi, asikofikia.